Kisanduku cha "mfupa" kilichonuka gari jipya: nyota mbili kati ya tano

Niseme mapema kwamba kisanduku hiki nilikinunua kwa hela yangu: euro 89, na euro 6 za kusafirisha. Sikupewa bure na duka, na wakiyasoma haya sidhani kama watanipa kingine. Jina la duka nalihifadhi. Bidhaa hii inauzwa na maduka kadhaa ya mtandaoni hapa Ujerumani, kwa picha zile zile na maelezo yale yale, na nahisi wote wanachota kisima kimoja.

Mimi ni seremala. Kazi yangu ya kila siku ni kukarabati samani kuukuu katika karakana iliyo mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Köln: makabati yaliyotobolewa na dumuzi, droo zilizogoma kufunguka, meza ambazo mtu wa kabla yangu alizipiga misumari pale palipotaka gundi. Mama mkwe wangu alikuwa anatimiza miaka 80. Ni Mkatoliki wa Köln tangu unyayo hadi utosi, ana rozari saba na zote zinalala kwenye kopo la biskuti. Nikaona tangazo: nakala ya kisanduku cha masalia ya watakatifu, yaani cha kuhifadhia mifupa yao, kazi ya Köln ya karne ya 12, "mfupa uliochongwa". Pichani mitume wamesimama kila mmoja chini ya tao lake, kifuniko kimeinuka kama paa la nyumba lenye miteremko minne, na pembeni kuna vyuma vya rangi ya dhahabu. Nikasema hapa nimepata.

Kilikuja kimefungwa vizuri, hilo nalikubali. Sentimita 20 kwa urefu, 11 kwa upana, 14 kwa kimo hadi kilele cha kifuniko. Kizito kuliko nilivyotarajia. Nikakificha kabatini wiki tano nikingoja sikukuu.

Siku ilipofika, mama akakifungua mbele ya keki, akakizungusha mara mbili, kisha akafanya jambo ambalo mimi fundi mzima sikulifanya. Alikinusa.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole ambao ulinichoma zaidi ya kejeli, "kinanuka gari jipya."

Usiku nikarudi kwenye tangazo. Kichwa cha habari kilisema mfupa. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, paliandikwa "polirezini, mwonekano wa mfupa". Polirezini ni aina ya plastiki. Sheria ya hapa humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kughairi na kurudisha mzigo, na mimi nilishakaa nao wiki tano. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumamosi iliyofuata mama akanivuta hadi Köln. "Uone chenyewe," alisema, "halafu usinunue tena mtume bila kumgusa." Tulishuka kituo cha Neumarkt na kutembea dakika chache hadi Makumbusho ya Schnütgen. Kwa anayetaka kwenda: Jumatatu pamefungwa, na mlango wa kuingilia ni mmoja na ule wa makumbusho jirani ya Rautenstrauch-Joest, kwa hiyo usishangae ukidhani umepotea. Mkusanyiko wenyewe, wa sanaa za kanisa, ulianzishwa na padri Alexander Schnütgen, aliyeukabidhi kwa jiji mwaka 1906, na tangu 1956 umekaa ndani ya kanisa la zamani la Mtakatifu Sesilia. Kabla hatujaingia mama alinizungusha hadi mlango wa magharibi, uliozibwa kwa ukuta siku nyingi. Pale pana kiunzi cha mifupa kilichopulizwa kwa rangi nyeusi na Harald Naegeli, yule mchoraji wa kuta wa Zürich, mwaka 1980. Kimebaki hadi leo. Siku yetu ya mifupa ilianzia hapo.

Ndani kumetulia. Kuta nyeupe, mwanga wa dirisha la kanisa, na ukikohoa kila mtu anajua ni wewe. Ningeweza kuandika kurasa nzima juu ya msalaba mkubwa wa Mtakatifu Georg wa karne ya 11, lakini si uliotupeleka. Tulienda kwenye visanduku.

Sasa hapa nipeni nafasi, maana hapa ndipo nilipoelewa nilichouziwa.

Kitu cha kwanza unachokiona kwenye kisanduku halisi cha Köln ni kwamba kimejengwa kwa vipande. Kiini chake ni mbao, sanduku la kawaida kabisa ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angeweza kuliunga. Juu ya mbao hizo yamepangwa mabamba membamba ya mfupa, marefu kwenda juu, na kila bamba ni mtume mmoja. Kati ya bamba na bamba kuna mwanya wa upana wa uzi. Nikasogeza pua karibu na kioo hadi kikaingia ukungu. Nguzo ya mtume mmoja nene kuliko ya jirani yake. Tao moja limeanguka milimita mbili chini ya tao linalofuata. Kama ingekuwa kazi ya bamba moja lililochongwa mfululizo, kosa hilo lisingetokea. Limetokea kwa sababu mitume hawa hawakuzaliwa kwenye kisanduku hiki. Walichongwa mmoja mmoja, wakawekwa akiba, na siku mteja alipokuja na mahitaji yake fundi akawapanga.

Mama ndiye aliyenipa ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na maonyesho, Darmstadt na hapa Köln, juu ya karakana kubwa ya wachonga mifupa ya Köln ya karne ya 12, na jina lake la Kijerumani lilikuwa la utani: "Kölner Schatzbaukasten", hazina ya Köln kama boksi la watoto la vipande vya kujengea. Yeye aliyaona, na jina hajalisahau. Na kweli, kwa vipande vya aina moja walijenga masanduku marefu, mafupi, hata vyombo vyenye umbo la kanisa dogo la kuba. Mitume, manabii, ukanda wa majani, ukanda wa mapambo, paa. Unachagua, unapanga, unapiga vijiti vya kushikilia mabamba kwenye mbao, unaondoka. Mimi nilikuwa nadhani samani za kujiunganishia ni ujanja wa siku hizi.

Swali langu likawa: kwa nini mabamba ni membamba hivi? Kwa nini mitume wote wamebana viwiko kama abiria wa treni ya asubuhi? Jibu liko kwenye mguu wa ng'ombe. Karne ya 12 pembe za ndovu zilikuwa adimu kaskazini mwa Ulaya. Pembe za walrasi, yule mnyama mnene wa bahari ya barafu, zililetwa kwa meli kutoka Greenland na kaskazini ya Skandinavia, nazo mafundi wa Köln walizitumia kwa kazi za bei. Mfupa wa ng'ombe ulikuwa pale pale machinjioni. Lakini mfupa wa mguu ni bomba. Ndani uwazi wa uboho, nje mviringo, na sehemu iliyonyooka unayoweza kuipasua bamba ni nyembamba. Hakuna bamba pana kutoka kwenye mfupa, hata umbembeleze ng'ombe. Basi fundi akaugeuza upungufu kuwa mpangilio: kama bamba ni jembamba na refu, weka juu yake mtu aliyesimama, mwekee nguzo mbili na tao, mpange na wenzake kumi na mmoja. Mitume kumi na wawili wanaenea kwenye mguu wa ng'ombe kana kwamba walipimwa humo.

Ukitaka kujua mfupa na pembe kwa macho tu, tazama bila haraka. Mfupa una vidoa na mistari mifupi ya kijivu iliyolala upande mmoja, kama kalamu ya risasi iliyogusa na kuondoka. Ni njia ndogo zilizopitisha damu ng'ombe akiwa hai. Pembe ya ndovu haina hizo, ni laini kama maziwa yaliyoganda, na ukiikata kwa upana inaonyesha mistari inayokatizana kama wavu. Mle mle Schnütgen kuna kitana cha pembe za ndovu cha karne ya 9 kinachohusishwa na Askofu Mkuu Heribert. Nenda ukakitazame, kisha rudi kwa mitume wa mfupa. Baada ya safari mbili jicho litakuwa limezoea.

Nakala yangu nayo ina vidoa. Vyote viko sawasawa kwa mtume wa kwanza, wa tano na wa tisa. Ni mtume mmoja aliyemwagwa kwenye kalibu mara tatu.

Sasa kwa nini Köln, na kwa nini visanduku vingi hivyo? Mama alinipeleka kwenye jibu kwa miguu, robo saa hivi kupita kituo kikuu, hadi kanisa la Mtakatifu Ursula. Mwaka 1106, jiji lilipokuwa linapanua ngome zake, yalichimbuliwa makaburi ya kale eneo lile. Watu wakaamini ni mabikira waliouawa pamoja na Mtakatifu Ursula, ambao mapokeo yaliwahesabu 11,000. Kuanzia 1155 hadi 1164 watawa wa Deutz, ng'ambo ya mto Rhine, wakachimba zaidi, na mifupa ikasambazwa kwa monasteri na makanisa mbali na karibu. Mwaka huo huo wa 1164 Askofu Mkuu Rainald von Dassel akaleta kutoka Milano masalia ya Mamajusi Watatu. Jiji likafurika mahujaji. Na tangu Mtaguso wa Pili wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, kanisa lilitakiwa kuwekwa wakfu likiwa na masalia. Kila kipande cha mfupa kilichoondoka Köln kilihitaji kulazwa mahali, kimezungushiwa hariri, na kikaratasi cha ngozi chenye jina la mtakatifu kimefungwa hapo hapo kisije kikabadilishiwa jina njiani. Wenye fedha walitengenezewa dhahabu na johari. Wengine walichukua mfupa.

Mfupa wa ng'ombe nje, mfupa wa mtakatifu ndani. Nilimwambia mama hivyo, akanitazama kama mtu aliyepiga mluzi kanisani. Kisha akacheka.

Ndani ya Mtakatifu Ursula kuna Chumba cha Dhahabu, cha mwaka 1643, ambacho kuta zake za juu zimefunikwa kwa mifupa ya watu iliyopangwa mapambo na maandishi. Watoto wanyamavu watakipenda, wengine wabaki nje. Mimi nilitoka haraka.

Njiani kurudi alinipa darasa la mwisho. Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, ulikataza masalia ya kale kuonyeshwa nje ya chombo chake, na ukakataza kuyauza. Kwa hiyo kwa muumini wa wakati ule kisanduku ndicho kilichoonekana. Alichokibusu, alichokiona kikipita kwenye maandamano, kilikuwa kazi ya yule fundi na msumeno wake. Nikafikiria wateja wangu ambao hawageuzi kabati kuona mgongo wake.

Sasa turudi kwenye bidhaa ya euro 89, nimalize hukumu yangu kwa haki.

Kifuniko hakikai. Kinaelea upande wa kulia kwa unene wa sarafu ya senti mbili, na ukikibana upande huo kushoto kunainuka. Bawaba ni mbili, zimeshikwa kwa skrubu fupi zilizozamishwa moja kwa moja kwenye rezini, na moja ilitoka na unga wake siku ya tatu. Ndani kumebandikwa kitambaa chekundu cha kama velveti ambacho kinaacha manyoya kwenye rozari. Mbao hakuna hata kibanzi. Ni ganda tupu. Vijiti vilivyopaswa kushikilia mabamba vimechorwa kama vidoa vya mviringo vya kahawia, na hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kwenye kisanduku halisi kijiti kina kazi. Mbao hunywa unyevu na kutanuka, mfupa haufuati kwa kiasi kile kile, na kama ungeubandika wote kwa gundi tu ungepasuka majira ya baridi ya kwanza. Mabamba madogo madogo, mianya, vijiti: vyote hivyo vinaiacha mbao ipumue. Ndiyo maana kisanduku cha miaka 800 bado kimesimama. Aliyetengeneza nakala alinakili sura ya kijiti, na mwanya akauziba kabisa ili mitume waonekane wameshikana vizuri.

Lililo zuri? Nyuso. Aliyechonga kalibu ya kwanza alikuwa na mkono. Macho yametobolewa kwa keekee, kitobo kimoja kimoja, na mtume wa pili kutoka kushoto ana ule mshangao wa mtu aliyeitwa jina lake kwa ghafla. Rangi ya jumla si mbaya ukiwa mita mbili. Anayetaka pambo la rafu ya vitabu, sehemu yenye mwanga hafifu, hatajuta sana. Na kwa euro 89 huwezi kudai kazi ya mkono. Kwa hesabu za karakana yetu pesa hiyo hainilipi hata saa mbili.

Ila hesabu hiyo nilitaka kuihakikisha. Jumatatu nikamwomba mchinjaji wa mtaani mfupa wa muundi wa ng'ombe, akanipa miwili ya mbwa kwa euro 3 bila kuniuliza lolote. Nikaichemsha nje ya karakana na magadi ya kufulia kutoa mafuta. Jirani alifunga madirisha. Baada ya kukauka siku kadhaa nikaipasua, mfupa ukiwa umeloweshwa na barakoa usoni, maana vumbi lake ni baya kifuani kuliko la mbao. Nilipata bamba moja safi: urefu sentimita 11, upana sentimita 2 na nusu, unene milimita 6. Kutoka miguu miwili.

Kuchonga nilifuata maelezo ya mtawa mmoja wa karne ya 12 aliyeandika kwa jina la Theophilus, ambaye kwa pembe ya ndovu anasema upake chokaa juu ya bamba, uchore umbo kwa risasi, kisha uandame mistari kwa chuma chembamba. Mfupa haukatiki kama mbao. Hautoi maranda, unatoa unga, na patasi yangu bora ya Solingen ilitaka kunolewa kila baada ya dakika kumi. Mikunjo ya kanzu nilijua nitaichonga kwa mviringo mzuri. Nikaishia kuichonga kwa mistari iliyonyooka, sambamba, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu chuma kinakubali kwenda na urefu wa mfupa na kinakataa kukata upande. Nikainua kichwa. Zile kanzu za mistari sambamba pale Schnütgen, ambazo nilidhani ni mtindo tu.

Bamba lilinichukua Jumamosi nzima. Uso ulitoka kama wa mjomba wangu akiwa na jino linalouma, lakini ulitoka. Jumapili nikatoboa tundu la kijiti karibu mno na ukingo, likapasuka kutoka tundu hadi bega la mtume. Mfupa una njia zake na njia zile zinakwenda juu chini.

Nilimpelekea mama hivyo hivyo, vipande viwili. Akavinusa kwanza. Kisha akavifunga kwenye leso, akaandika kitu kwenye kikaratasi, akaviweka ndani ya kisanduku cha polirezini, na kikaratasi juu yake. Rozari zimerudi kwenye kopo la biskuti. Nyota mbili: moja ya nyuso, moja ya ufungashaji. Duka limeniandikia likinipa punguzo la asilimia 10 kwa manunuzi yajayo, na bawaba ile bado nasubiri.